Kisanduku Nilichokipakata

Sikulipenda gari lile tangu siku lilipoingia uani kwetu, na mume wangu alilipenda kuliko nguo zake mwenyewe. Lilikuwa gari dogo la Kizungu, rangi ya maziwa mgando, lililoachwa na mtaalamu mmoja wa visima aliyekuwa anarudi kwao. Miaka ile ya mwanzo ya themanini, magari machache yaliyokuwapo mjini Shinyanga yalikuwa magumu ya kazi, yenye kabureta ambayo kila fundi aliweza kuifungua akiwa anapiga soga. Letu halikuwa na kabureta. Petroli yake ilipimwa na kisanduku cha bati chenye mambo ya umeme ndani, kompyuta, alivyosema yule mtaalamu siku ya kuagana. Hatukujua hata kilikaa wapi mpaka siku kilipokufa.

Mume wangu alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Mimi nilikuwa opereta wa simu posta. Kutwa nachomeka waya na kuchomoa, nawaunganisha watu na jamaa zao wa Mwanza na Tabora, na laini ikikatika natukanwa mimi. Nami nilikuwa najibu, sikuwa mtu wa kunyamaza.

Mama yangu aliishi Samuye kwa kaka yangu. Kwetu Wasukuma, mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukimbiana. Wakikutana njiani mmoja anaacha njia. Mwanamume hali chakula mbele yake, hamtazami usoni, na kama kuna la kuambiana wanampitishia mtu wa katikati, na huyo mtu alikuwa mimi. Mume wangu alisimama upande huu wa ghala, mama akakaa upande ule, nami katikati.

“Mwambie mkwe wangu sabuni nimeipata.”

“Mama anasema sabuni ameipata.”

“Mwambie wala asijali.”

Kila mmoja alikuwa amemsikia mwenzake vizuri kabisa. Miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa opereta kazini na opereta nyumbani, na nyumbani hakukuwa na mshahara. Lakini walipendana wale watu. Sabuni ilipoadimika madukani, kipande cha kwanza kilichoingia kwetu kilikwenda Samuye, mimi nikifulia majivu.

Msimu mmoja wa palizi, miguu ya mama ikaanza kuvimba, na pumzi ikawa inamkatika akitoka kisimani. Tulianza na dawa za mizizi kama watu wote, kisha nikasema basi, anakuja hospitali ya mjini. Mama akakataa. Hospitali hakuiogopa, alichokataa ni gari.

“Nitakaaje na mkwe wangu kwenye kibanda kile? Magoti si yatagusana?”

“Utakaa nyuma, Mayo,” nikamwambia. Mayo kwetu ni mama.

“Halafu nikitazame kisogo chake mpaka mjini? Naye ana kioo pale juu, ananiona. Siendi.”

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia heshima haitibu moyo. Aliendelea kuchambua mboga kana kwamba aliyesema ni kuku. Mume wangu alikuwa nyuma ya ghala na alisikia kila kitu. Jumamosi iliyofuata alichukua khanga yangu, ile niliyoiweka kwa ajili ya harusi za watu, akaifunga kwa waya nyuma ya viti vya mbele, kutoka mlango mpaka mlango. Kisha akakigeuza kile kioo kikatazama dari. Akaja kusimama mbali kidogo na ukuta wa mama.

“Mwambie mama gari sasa lina vyumba viwili.”

Mama alicheka mpaka akakohoa. Akaomba mtandio wake, akapanda.

Pale hospitali walisema moyo umepanuka na maji yamejaa mwilini. Walimpa vidonge, na wakatuambia kwamba uvimbe ukirudi tusikae, tumpeleke Mwanza kwa madaktari wakubwa. Alipata nafuu. Baada ya wiki chache akaanza kuulizia ng'ombe wake kila asubuhi, tukajua amepona kiasi cha kurudishwa nyumbani.

Siku ile tuliyomrudisha ndiyo siku gari lilipokunywa maziwa. Mama asingekubali mkwe wake aondoke mikono mitupu, hata kama mkwe huyo ndiye aliyemleta. Alitupa kibuyu kikubwa cha maziwa, kimezibwa kwa gunzi la mahindi, na mimi nikakiweka sakafuni miguuni pangu. Tulipovuka korongo la kwanza kikapinduka. Gunzi likaruka huko, maziwa yakaingia chini ya kiti changu mpaka tone la mwisho. Tulisimama, tukafuta kwa matambara, tukacheka. Mume wangu aliwaza harufu tu.

Harufu ilikuja kweli, na nyuma yake yakaja mengine. Gari lilianza kukohoa. Likawa linatoa moshi mweusi, linawaka na kuzima, na mwishowe likagoma kabisa. Mume wangu alibadilisha plagi, akasafisha chujio, akapima petroli mpaka nikamwambia ainywe kabisa ili aridhike. Alikipata alichokuwa anakitafuta kwa bahati, siku aliyofungua kiti changu akitaka kuiondoa ile harufu. Chini yake kulikuwa na kisanduku cha bati, kina plagi pana yenye meno mengi, na kwenye meno yale maziwa yalikuwa yameota ukungu wa kijani.

Alikifungua kwa bisibisi ndogo, akakifuta kwa spiriti, akakianika juani juu ya ungo, pembeni ya michembe yangu ya viazi vitamu. Majirani walipita wakiuliza kama siku hizi tunakula redio. Kilikauka vizuri sana, ila hakikufufuka.

Nilipompelekea mama habari, alishika kichwa. “Mwambie mkwe wangu maziwa yangu yamemuulia gari.” Aliumia kweli, niliona. Halafu akainua uso. “Lakini gari gani hilo lisiloweza maziwa? Hata ndama mgonjwa anayaweza.”

Nilicheka, ila macho yangu yalikuwa kwenye miguu yake. Vidole vilikuwa vimeanza kupotea ndani ya uvimbe. Usiku hakuweza tena kulala chali, alikuwa anasinzia ameegemea magunia. Basi la Mwanza lilijaa watu waliosimama juu ya miguu ya waliokaa, na treni ilipita stesheni watu wakining'inia ngazini. Kumfikisha Mwanza kulihitaji kiti ambacho angeegemea na kunyoosha miguu, na kiti hicho kilikuwa nyuma ya khanga yangu, kwenye gari lisilowaka.

Dereva mmoja wa lori la pamba akamwambia mume wangu kwamba kule Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu, mnunuzi mmoja ana gari kama letu lililopinduka. Mume wangu aliomba ruhusa kazini, akapanda basi la Kahama na kutoka huko akadandia malori. Nilikaa posta nikimsubiri. Nilikuwa na nusu ya nchi mezani kwangu, ningeweza kumwita nani sijui wa Dar es Salaam, lakini Nyarugusu hakukuwa na simu. Kila jioni nilimwuliza mtu yeyote aliyetoka Samuye hali ya mama, na kila mmoja alinijibu hajambo, kwa ile sauti ambayo watu huitumia wakiwa hawataki kukuumiza.

Alirudi baada ya zaidi ya wiki, mwekundu kwa vumbi mpaka kope, amekifunga kisanduku ndani ya fulana yake. Yule mnunuzi hakutaka kuuza. Alikuwa na duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, na duara lilikuwa limejaa maji, vijana wake wamekaa tu wanacheza karata. Alichotaka ni pampu ifanye kazi. Mume wangu aliitengeneza kwa vipande vya pampu nyingine mbili zilizokufa, maji yakatoka, akaruhusiwa kulifungua gari. Alimkuta kuku anaatamia juu ya kiti. Ilibidi amwombe radhi, alivyoniambia, akaingiza mkono chini yake na kukitoa kisanduku, kikavu, kimejaa manyoya. Alivyokuwa anasimulia alikuwa mtu mwenye furaha. Nami nilifurahi, sitaficha. Siku hiyo niliamini mama atapona.

Jumamosi asubuhi tulitandika mkeka uani. Alianza kwa kuchomoa waya wa betri, akakitoa kiti changu, akafungua skrubu moja moja na kunipa nizishike. Kisanduku cha zamani kikatoka, kipya kikawekwa kando yake, akahesabu meno ya hiki na ya kile, akalinganisha maandishi ya ubavuni. Yalilingana. Alipoichomeka plagi alitumia vidole viwili, polepole, kama anayemvisha mtoto mchanga kofia. Kisha akashika kile kibano cha chuma kinachoibana plagi isitoke, akakisukuma kidogo tu. Kikakatika. Kilikuwa cha waya za zamani za gari, maziwa yalikuwa yamekila kwa ndani, na hatukuona.

Gari liliwaka. Watoto wetu walipiga kelele, na jirani aliyetutania habari za redio alitoka kuja kutazama. Lakini tulipolizungusha mtaani, kwenye tuta la kwanza plagi ikalegea na injini ikazima. Mume wangu aliifunga kwa mpira wa tyubu, ikalegea. Akaweka kabari ya mti na waya juu yake, ikalegea kwa upande mwingine. Mwishoni nilichoka kumtazama. Nikavuta kisanduku na waya wake kutoka chini ya kiti, nikakipakata, nikaishika plagi kwa mikono miwili na kuibana kama nilivyozoea kubana waya zangu za posta zilizochakaa. Tulizunguka mji mzima injini ikinguruma vizuri.

“Basi wewe ndiye spea,” mume wangu akasema. “Jumatatu nitachonga kibano kiwandani, nikupumzishe.”

Hatukuiona Jumatatu hiyo tulivyopanga. Jioni ileile kaka yangu alifika kwa baiskeli kutoka Samuye, jasho linamtoka. Hakusalimia. Alisema mama hajalala wala hajala, na midomo imebadilika rangi.

Alfajiri tuliwaacha watoto kwa jirani tukaenda. Mama alikuwa ameshavalishwa mtandio. Kaka na mume wangu walipanga magunia kwenye kiti cha nyuma, kisha mume wangu akaenda kusimama nyuma ya ghala mpaka mama alipoingizwa na khanga kufungwa. Kiti chote kilijaa mama na miguu yake. Nikasema wifi yangu akipakate kisanduku, mimi nijibane sakafuni karibu na mama. Alijaribu, masikini. Injini ilizima kabla hatujaupita ua wa minyaa. Akajaribu tena, ikazima tena, na pale nyuma tulimsikia mama anavyoitafuta pumzi. Nikamwambia wifi yangu shuka, sakafuni kule asingeenea. Nikakaa mbele, nikakipakata mwenyewe.

Ilikuwa Jumapili, na enzi zile Jumapili gari binafsi lilikatazwa kutembea baada ya saa nane mchana. Barabara ya Mwanza ilikuwa vumbi na mawimbi ya mchanga mgumu, gari linatetemeka mpaka meno. Vidole vyangu vilikufa ganzi kabla ya Maganzo. Mume wangu aliendesha ameukodolea macho mbele, kioo kimetazama dari, na nyuma ya khanga mama alikuwa akitusemesha kidogokidogo.

“Mwambie mkwe wangu hapa apite polepole.”

“Mama anasema upite polepole.”

“Mwambie samahani.”

Tulipopita Mabuki aliniita.

“Mwanangu.”

“Naam, Mayo.”

“Nipe mkono wako huku.”

Niliitazama mikono yangu, yote miwili iko kwenye plagi. Nilimtazama mume wangu. Tangu asubuhi gari lilikuwa limezima mara moja likiwa na joto, na tulisukumana nalo muda mrefu kabla halijakubali. Aliangalia saa yake.

“Subiri kidogo, Mayo. Nikiachia, gari linazima. Tukifika nitakushika mpaka uchoke mwenyewe.”

Nilidhani amekasirika.

“Haya,” akasema. “Shika hicho kwanza.” Halafu, baada ya kitambo, kwa sauti ya chini: “Mwambie mkwe wangu wabeja.”

“Mama anasema ahsante.”

“Mwambie tumekaribia,” mume wangu akajibu.

“Mayo, anasema tumekaribia.”

Hakujibu. Tukasema amesinzia, na tulishukuru, kwa kuwa alikuwa hajasinzia siku mbili. Mume wangu alipunguza mwendo kwenye mashimo asije akamwamsha. Mimi nilizibana zile waya kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Nilikuwa nasali kwa ajili ya plagi, isilegee, isilegee, na sala hiyo ilikubaliwa. Tuliingia uwanja wa hospitali kabla ya saa nane, injini haijazima tena hata mara moja.

Mume wangu alishuka, akasimama ameligeuzia gari mgongo kama siku zote, akingoja nimtoe mama. Nilifungua mlango wa nyuma. Alikuwa ameegemea magunia, kichwa kimelala upande wangu. Mkono wake mmoja ulikuwa umenyooshwa mbele, umepenya chini ya khanga, vidole viko karibu na mgongo wa kiti changu.

Sikumbuki nililia vipi. Nakumbuka mume wangu aligeuka. Aligeuka mzima mzima, akamtazama mama yangu usoni, akaingiza mikono yake chini ya magoti na mgongo wake, akambeba akikimbia naye kuelekea kwa wauguzi. “Mama,” alikuwa anamwita, “mama, tumefika, mama.” Hakuniambia mimi nimwambie. Wauguzi walimpokea, na daktari alikuja akamwekea sikio la chuma kifuani, lakini hata mimi nilishajua.

Jumatatu tulipewa mwili tuurudishe nyumbani. Khanga tulikuwa tumeifungua, tukamfunika nayo. Mume wangu alikuwa ameomba waya na kamba hospitali pale, akafunga plagi kwa kila namna aliyoijua, na gari likazima getini. Alinitazama. Nilipanda, nikakipakata. Kuna watu wameniudhi sana katika maisha yangu, lakini sijawahi kumchukia binadamu kama nilivyokichukia kile kisanduku. Kilikuwa cha moto kidogo mapajani, kwa jua. Injini ilinguruma vizuri kabisa.

Hatukusemezana. Kutoka Misungwi mpaka Mabuki hakukuwa na la kupitishwa kwa mtu yeyote, na mimi sikujua nifanye nini na ukimya ule. Sehemu ile aliponiita niliijua kwa kichuguu kilichokuwa kando ya barabara.

“Simama,” nikasema.

“Likizima hapa, kuliwasha tena...”

“Najua. Simama.”

Akasimama. Nikaachia, injini ikakata. Nilikiweka kisanduku chini, nikazunguka nyuma, nikapiga magoti mlangoni na kuutafuta mkono wake ndani ya khanga. Ulikuwa mgumu na wa baridi, na makovu madogo ya jembe yalikuwa pale pale yalipokuwa siku zote. Mume wangu alikaa chini kwenye vumbi, upande wa pili wa mlango. Kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka barabara na mchungaji wake alituona, akavua kofia na kuwapitisha mbali kidogo.

Nilikuwa nimemwambia nitamshika mpaka achoke mwenyewe. Niliyechoka ni mimi. Magoti yaliniuma, jua likawa kali, na watu walikuwa wanamsubiri Samuye. Nikaurudisha mkono wake chini ya khanga, nikarudi mbele, nikakipakata tena.